Jinsi ghala kuukuu la mahindi lilivyogeuka makavazi, na kazi ngumu ya kuwavuta wenyeji

KATIKA bandari ya Cape Town, Afrika Kusini, hatua chache kutoka gati ambapo wageni hupanda mashua kuelekea kisiwa cha Robben alikofungwa Nelson Mandela, kuna jengo refu la saruji ambalo kwa miongo mingi lilihifadhi mahindi na nafaka nyinginezo. Tangu Septemba 22, 2017, jengo hilo limekuwa makao ya Zeitz MOCAA, makavazi ambayo hutajwa kuwa makubwa zaidi duniani kwa upande wa sanaa ya kisasa ya Afrika.

Kulijenga upya ghala hilo kulichukua miaka michache tu. Kazi ambayo haijaisha hadi leo ni kumshawishi mkazi wa Khayelitsha, Langa au Mitchells Plain kwamba mlango wa makavazi hayo uliwekwa kwa ajili yake pia, wala si kwa mtalii pekee.

Wengi wanaposikia neno makavazi huwazia mafuvu ya kale, ngoma, mikuki na ndege waliokaushwa. Makavazi ya sanaa ya kisasa ni ya namna nyingine. Humo huhifadhiwa na kuonyeshwa kazi za wasanii walio hai, au waliofariki majuzi: michoro, picha za kamera, filamu, sanamu, nguo zilizofumwa, hata sauti. Zeitz MOCAA hushughulika na wasanii wa Afrika na wale wenye asili ya Afrika walioko ng'ambo. Kwa kuwa wasanii hao wangali wanafanya kazi, makavazi kama haya hayawezi kupanga vitu vyake mara moja, yakafunga makabati na kungoja wageni. Kila mwaka ni sharti yaje na jipya.

Ujenzi wa ghala lenyewe ulianza mwaka wa 1921 na kukamilika 1924. Lilikuwa na kimo cha mita 57, na nafaka iliyotoka mashamba ya bara ilipimwa na kuwekwa humo kabla ya kupakiwa melini. Msomaji wa Kenya anaweza kuwazia maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) mjini Eldoret au Nakuru, ila lile la Cape Town liko ufuoni. Shughuli zilikoma mwanzoni mwa karne hii, na kwa miaka kadhaa jengo likabaki tupu, kubwa mno kubomolewa na gumu mno kutumiwa kwa jambo jingine.

Ugumu wake ulitokana na umbo. Ndani hamkuwa na vyumba wala sakafu za kawaida. Mlikuwa na mirija 42 ya saruji iliyosimama wima, imesongamana kama matundu ya sega la nyuki. Msanifu majengo kutoka Uingereza, Thomas Heatherwick, aliamua kuikata mirija ya katikati ili kupata ukumbi mmoja mkubwa. Umbo la uwazi uliokatwa lilitokana na punje moja ya mahindi, iliyopimwa na kukuzwa hadi kujaza jengo. Anayesimama chini na kuinua macho huona mirija iliyopasuliwa ikining'inia juu yake, na mwanga wa jua ukipenya kutoka paani. Makavazi yalipata mita 9,500 za mraba katika orofa tisa, na kati ya hizo takriban 6,000 ni za maonyesho. Orofa za juu za mnara zilifanywa hoteli, ambayo gharama yake ya usiku mmoja haimhusu kabisa mtu wa mshahara wa kawaida.

Fedha za ujenzi zilitoka kwa kampuni ya V&A Waterfront inayomiliki eneo hilo la bandari, ambayo mwaka wa 2013 ilitangaza kutenga randi milioni 500. Hapa pana jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Nusu ya kampuni hiyo ni mali ya hazina ya pensheni ya wafanyakazi wa serikali ya Afrika Kusini, na nusu nyingine ni ya kampuni ya majengo ya Growthpoint. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Soweto au muuguzi wa Durban, pengine bila kujua, ana sehemu yake katika saruji ile.

Kazi za sanaa zilizofungua makavazi zilitoka kwingine. Jochen Zeitz, Mjerumani aliyepewa uongozi wa kampuni ya viatu na mavazi ya Puma mwaka wa 1993 akiwa na umri wa miaka 30, alikuwa amekusanya kazi za wasanii wa Afrika kwa miaka kadhaa. Jina lake si geni nchini Kenya, kwani ndiye mwenye shamba la Segera katika Kaunti ya Laikipia, ambako baadhi ya kazi alizonunua zilionyeshwa kwa wageni wa hoteli yake. Mkusanyiko huo hakuutoa moja kwa moja uwe mali ya makavazi. Aliutoa kwa mkopo wa muda mrefu, na makavazi yakabeba jina lake.

Hapo ndipo maswali yalipozuka. Wakosoaji wa Afrika Kusini waliuliza inakuwaje jumba linalojitambulisha kwa sanaa ya Afrika liwe na jina la tajiri wa Ulaya, mchoraji wa ramani kutoka London na mkurugenzi mweupe. Waliuliza pia nani aliyeamua kuwa mkusanyiko wa mtu mmoja, ulionunuliwa kwa ladha yake, ndio uwe kioo cha bara zima. Haikuwa chuki ya bure. Cape Town ni mji ambao sheria ya makazi ya mwaka wa 1950 iliwagawa wakazi kwa rangi. Baada ya eneo la District Six kutangazwa kuwa la wazungu mwaka wa 1966, maelfu ya familia zilifukuzwa na kupelekwa katika nyanda kavu mbali na bahari. Vizazi vyao wengi wangali huko. Kutoka Khayelitsha hadi bandarini ni mwendo wa kilomita 30 hivi, na nauli ya matatu ya kwenda na kurudi kwa familia ya watu watano si jambo la kupuuzwa.

Tiketi ya mtu mzima wakati wa ufunguzi ilikuwa randi 180. Ili kupunguza makali, walio chini ya umri wa miaka 18 waliingia bure, nao raia wa nchi yoyote ya Afrika waliruhusiwa bila malipo Jumatano asubuhi, kuanzia saa nne hadi saa saba, mradi wawe na kitambulisho. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mwenye kuajiriwa dukani, kiwandani au katika nyumba ya mtu hana nafasi Jumatano asubuhi, na asiye na kazi hana nauli.

Kisha mambo yakaharibika ndani kwa ndani. Mnamo Mei 2018, hata kabla ya mwaka kutimia, mkurugenzi wa kwanza alisimamishwa kazi ili mwenendo wake kazini uchunguzwe, naye akajiuzulu. Azu Nwagbogu wa Nigeria alishika usukani kwa muda. Mwaka wa 2019 bodi ilimteua Koyo Kouoh, mzaliwa wa Douala, Cameroon, aliyekulia Uswisi na ambaye mwaka wa 2008 alikuwa ameanzisha kituo cha sanaa cha RAW Material Company jijini Dakar, Senegal.

Wakati huo jumba lilikuwa na sifa ya umbo kuliko sifa ya kazi. Wageni walipiga picha za dari kuliko walivyotazama michoro ukutani. Kouoh alianza kwa kupunguza kasi. Badala ya kujaza kumbi zote kwa vitu vingi kutoka mkusanyiko mmoja, alipendelea maonyesho marefu ya msanii mmoja mmoja, yanayofuata maisha na mawazo yake kwa miaka mingi, kama yale ya Senzeni Marasela, Tracey Rose na Mary Evans. Hoja yake ilieleweka kirahisi: msanii Mwafrika huonyeshwa mara nyingi akiwa mmoja kati ya hamsini, na mara chache hupewa nyumba nzima.

Maonyesho ya aina hiyo hayatayarishwi kwa wiki mbili, na ndiyo sababu kalenda ya makavazi hupangwa mapema sana. Msimamizi wa maonyesho, yaani mtu anayechagua kazi na kuamua zitakaa vipi pamoja, huanza utafiti mwaka mmoja au miwili kabla ya siku ya ufunguzi. Hutafuta kazi ziko wapi. Nyingine ziko kwa msanii, nyingine kwa matajiri wa ng'ambo, nyingine katika makavazi ya nchi za mbali ambazo hudai mikataba mirefu kabla ya kuazima hata mchoro mmoja.

Mwenye mali akishakubali, gharama huanza kuhesabiwa. Kila kazi hukatiwa bima na kutengenezewa sanduku lake la mbao lenye godoro ndani. Kabla ya kufungwa hukaguliwa na kuandikiwa ripoti inayoonyesha kila mkwaruzo, na inapofika hukaguliwa tena mbele ya mashahidi, kwa sababu asiye na ripoti hana utetezi mchoro ukipatikana umepasuka. Baadhi ya wakopeshaji hutuma mtu wao asafiri na sanduku hadi litundikwe ukutani. Halafu kuna suala la hewa. Turubai na mbao hunywa unyevu na kuuachilia. Hali ikibadilika ghafla rangi hupasuka. Kwa hivyo mitambo ya kudhibiti joto na unyevu hufanya kazi usiku na mchana, na jengo lililoko kando ya bahari huilipia umeme mwingi. Si ajabu kwamba nchi nyingi za Afrika zimeshindwa kuazima hata kazi za wananchi wao zilizoko Ulaya. Kikwazo mara nyingi huwa ni ukumbi usio na sifa hizi.

Zaidi ya hayo, kuna walinzi, mafundi wa taa, wachapishaji wa vitabu vya maonyesho na wahudumu wanaowaeleza wageni wanachokiona. Makavazi haya si idara ya serikali. Tiketi, wafadhili, wakfu na kampuni ndizo njia zake za riziki, na bodi hulazimika kuzisaka upya kila mwaka.

Mlipuko wa Covid-19 uliyafunga makavazi mnamo Machi 2020. Mtalii, ambaye ndiye aliyelipa tiketi kamili, akatoweka. Waliobaki mjini walikuwa wenyeji tu, na ni katika hali hiyo ambapo makavazi yalifanya jambo la busara kuliko yote yaliyotangulia.

Yalipofungua tena milango Oktoba 2020, kumbi hazikuwa na kazi za magwiji. Wakazi wa Cape Town walikuwa wameombwa walete kazi za sanaa kutoka nyumbani kwao, ziwe walizichora wenyewe, walizirithi au walizinunua sokoni. Vituo vya kuzipokea viliwekwa katika sehemu mbalimbali za mji ili asiye na usafiri asiachwe. Zilipokelewa kazi zaidi ya 2,000, na maonyesho yakaitwa Home Is Where the Art Is. Michoro ya watoto, mapambo ya shanga, picha za jamaa na mandhari ya milima vilitundikwa kwa kusongamana kutoka chini hadi juu, kwenye kuta zile zile ambazo kwa kawaida hubeba kazi zenye bei ya nyumba nzima.

Wapo wanaoamini kwamba makavazi yanapoacha kuchagua yanakuwa yameacha kazi yake, na wana hoja. Makavazi yasiyotofautisha kilicho bora na kisicho bora hayana sababu ya kuwepo. Lakini makavazi haya hayakusema kuwa kazi zote zililingana. Yaliuliza swali jingine, yaani watu wa mji huu huishi na sanaa gani majumbani mwao, na jibu halingepatikana kwa njia nyingine. Aidha, aliyeleta mchoro wa marehemu mama yake hakuja peke yake. Alikuja na majirani kuuona, na wengi wa aina hiyo hawangekuwa na sababu nyingine ya kuingia jengo lile.

Mafunzo nayo yakapanuliwa. Makavazi yalikuwa na kituo cha elimu ya sanaa kwa watoto na wanafunzi tangu mwanzo. Baadaye yaliungana na Chuo Kikuu cha Western Cape kuanzisha mpango wa mwaka mmoja wa kuwafunza vijana kutoka nchi za Afrika kazi ya kusimamia maonyesho na kuhifadhi kazi za sanaa, wakisoma chuoni huku wakifanya kazi makavazini. Chuo hicho kilianzishwa enzi za ubaguzi kwa ajili ya watu walioitwa machotara, kikawa ngome ya upinzani. Mpango huu haupigiwi kelele kama maonyesho, lakini huenda ndio utakaodumu zaidi. Bara lina wachoraji tele. Wanaojua kufungua sanduku, kusoma ripoti ya ukaguzi na kuandika mkataba wa mkopo ni wachache.

Kilele cha kipindi hiki kilikuwa Novemba 2022, yalipofunguliwa maonyesho ya When We See Us, yaliyosimamiwa na Kouoh pamoja na Tandazani Dhlakama. Yalikusanya michoro ya watu weusi iliyochorwa na weusi wenyewe katika kipindi cha miaka mia moja, kazi zaidi ya 200 za wasanii zaidi ya 150. Walikuwemo wakongwe wa Afrika Kusini kama Gerard Sekoto na George Pemba, wachoraji wa Kinshasa kama Moké na Chéri Samba, pamoja na wasanii wa Marekani, Ulaya na visiwa vya Karibi.

Kilichowashangaza wengi ni kile kisichokuwemo. Hapakuwa na minyororo, njaa wala vita. Mada zilikuwa sita, zikiwemo maisha ya kila siku, furaha na sherehe, mapumziko, mahaba na imani. Wasimamizi walikataa kuifanya dhiki kuwa utambulisho wa mtu mweusi. Mtu amelala kochini, wanawake wanacheza muziki, familia imeketi mezani. Ndivyo hasa watu wanavyoishi, ila si ndivyo walivyozoea kujiona katika kumbi kubwa. Maonyesho hayo yaliendelea hadi Septemba 2023. Kwa desturi maonyesho makubwa huundwa Paris au London, kisha Afrika ikabahatika kupata mabaki. Safari hii yalisafiri kinyume: mwaka wa 2024 yakawa Basel, Uswisi, na Februari 2025 yakafunguliwa Brussels, Ubelgiji.

Swali la umiliki halikukoma kwa hilo, na si la Cape Town pekee. Mnamo Novemba 2025, katika mji wa Benin nchini Nigeria, waandamanaji walivuruga shughuli za kuelekea ufunguzi wa makavazi mapya ya sanaa ya Afrika Magharibi, MOWAA, wakidai kuwa ni himaya ya Oba inayostahili kuyasimamia, na ufunguzi ukaahirishwa. Fedha, majengo na wataalamu vilikuwepo. Ridhaa ya wenyeji ndiyo iliyokosekana.

Kwa Kenya somo hili halipaswi kuchukuliwa kama habari ya mbali. Nairobi ilikuwa na Paa ya Paa tangu 1965, ambayo mkusanyiko wake uliteketea kwa moto Desemba 1997. Kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, ambao sehemu yake huonyeshwa Nairobi Gallery, katika jengo la kale lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Mwaka wa 2020 mchoraji Michael Armitage alianzisha taasisi ya sanaa ya kisasa jijini, NCAI, isiyo ya kibiashara, na maonyesho yake ya mwanzo kwa umma mwaka wa 2022 yakawa ya Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akashika brashi. Ni ndogo ikilinganishwa na ghala la Cape Town. Lakini ilianza na msanii wa nyumbani na maisha yake yote ya kazi, hatua ambayo Zeitz MOCAA ilihitaji miaka kadhaa kuifikia. Nyingi za kazi muhimu za wachoraji wa Kenya wa miaka ya 1970 na 1980 zingali mikononi mwa watu binafsi, humu nchini na ng'ambo, na kila zinapouzwa huwa vigumu zaidi kuzifuatilia.

Desemba 2024 Kouoh alitangazwa kuwa msimamizi wa maonyesho ya kimataifa ya Venice ya mwaka wa 2026, mwanamke wa kwanza Mwafrika kupewa wadhifa huo. Hakuishi kuyaona. Alifariki Mei 10, 2025, nchini Uswisi, akiwa na umri wa miaka 57, na siku chache baadaye waandaaji walitangaza kwamba mpango aliokuwa ameuandika ungetekelezwa na kikosi alichokiteua mwenyewe. Siku aliyofariki, michoro ya When We See Us ilikuwa bado imetundikwa Brussels.